Nilimpa kichanga dozi mara nne ya inayotakiwa, nikaambiwa ninyamaze

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni muuguzi wa hospitali ya wilaya, mwaka wa nne kazini. Karibu muda wote huo nimekaa wodi ya upasuaji ya watu wazima. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa wodi ya watoto wachanga alikwenda likizo ya uzazi, nikahamishiwa huko kuziba pengo. Maelekezo niliyopewa hayakuzidi nusu saa: oksijeni hii hapa, kabati la dawa lile pale, funguo anazo inchaji.

Usiku wa tatu nilikuwa na vichanga 14 na mhudumu mmoja. Saa nne usiku ni wakati wa dawa. Kulikuwa na mtoto wa siku mbili, kilo 3, anatibiwa maambukizi ya damu. Kwenye karatasi yake ya matibabu daktari alikuwa ameandika: "Jenta 15 mg (1.5 ml), mshipani, mara moja kwa siku." Nikavunja ampuli ya jentamisini, nikavuta 1.5 ml, nikampa polepole kwenye kanula, nikasaini. Mama yake alikuwa amesimama pembeni, akaniambia, "Asante sista."

Asubuhi tunakabidhiana, mwenzangu akauliza, "Ile sirinji ya jenta uliyochanganya umeiweka wapi?" Sikujua anasema nini. Kumbe wodi ile huchukua ampuli nzima ya 2 ml na kuiongeza 6 ml za maji ya sindano, na 1.5 ml ya daktari ni ya dawa iliyokwisha kuchanganywa. Ampuli yangu ilikuwa bado kwenye treya, imebaki nusu mililita chini. Imeandikwa 80 mg kwa 2 ml. Nilimpa 60.

Nilikwenda kwa inchaji, mtu aliyenilea kikazi tangu nafika hapa. Alinyamaza, kisha akasema, "Mtoto ananyonya, anakojoa. Usijichongee. Ukiandika wataanza na wewe na watamalizia na mimi." Sikuandika. Usiku uliofuata sikuwa zamu, mtoto akapewa dozi yake kama kawaida. Siku ya nane aliruhusiwa, mzima kwa kumtazama.

Wiki mbili zijazo ataletwa kwa chanjo za wiki sita, kliniki iko jengo letu hilihili. Je, nimwambie mama yake? Nikiripoti leo si nitaonekana niliyeficha? Inchaji atanionaje? Na leseni yangu? Mume wangu hana kazi kwa sasa. Tena tangu siku ile narudia hesabu mara nne hadi dawa zinachelewa, na ikikaribia saa nne usiku tumbo linanikata. Wenzangu wawili waliojua wanasema ningefuata yale "matano sahihi" (mgonjwa, dawa, dozi, njia na muda) yasingetokea. Labda kweli mimi si wa kazi hii.

Muuguzi wa zamu ya usiku

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona ndani yake mambo matatu yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni mtoto na masikio yake na figo zake. La pili ni ukimya, ambao hukuuanzisha peke yako. La tatu ni wewe na saa nne ya usiku. Ukiyafikiria yote kwa pamoja utakosa pa kushika. Tuanze na mtoto, maana yeye ndiye asiyeweza kuandika barua.

Dozi ya 60 mg kwa kilo 3 ni 20 mg kwa kilo, na iliyokusudiwa ni 5. Jentamisini hutolewa na figo karibu yote, bila kubadilishwa na ini. Kwa kichanga ambaye figo zinafanya kazi na hajapungukiwa maji, dozi moja iliyozidi mara nyingi hutoka kwenye mkojo bila kuacha alama. Madhara yake ya figo na ya masikio huja zaidi pale dawa inapobaki juu mwilini siku baada ya siku. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba mtoto huyu yuko salama. Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, ingawa natamani pia upate usingizi.

Lakini "uwezekano mkubwa" hautoshi kufunga faili, na hapa nakuomba utazame jambo ambalo umelipita haraka kwenye barua: "mtoto akapewa dozi yake kama kawaida." Usiku ule wa pili ndio ulikuwa wa kumlinda. Kama daktari angejulishwa asubuhi ile, dozi iliyofuata ingesimamishwa kwanza, kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ingepimwa, na mkojo ungefuatiliwa kwa kupima nepi kwenye mizani, kavu na mbichi, kila gramu iliyozidi ikihesabiwa mililita moja. Kichanga anatarajiwa kutoa walau 1 ml kwa kila kilo kwa saa; kwa kilo 3 ni kama 72 ml kwa siku. "Anakojoa" ya inchaji haikuwa na namba. Na kama kwa sababu nyingine daktari angefikiria furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, angesita, kwa sababu dawa hiyo inaongeza sumu ya jenta kwenye masikio. Nalisema hili bila nia ya kukuongezea mzigo. Nataka uone kwamba kosa la saa nne usiku na ukimya wa asubuhi ni vitu viwili, na cha pili ndicho kilichomnyima mtoto kitu ambacho kingeweza kufanyika.

Kilichobaki sasa ni masikio. Jenta huharibu vinyweleo vya sikio la ndani, ikianza na sauti nyembamba za juu, na mtoto mwenye upungufu huo anaweza kushtuka mlango ukigongwa na bado asisikie "s" na "f" atakapoanza kujifunza maneno. Kwa hiyo kuona anashtuka si kipimo. Kipimo chenyewe ni kile cha kifaa kidogo kinachowekwa sikioni mtoto akiwa amelala na kusoma mwangwi wa sikio la ndani; kwa kawaida kinapatikana kwenye hospitali za rufaa. Mtoto yeyote aliyelazwa kwa maambukizi ya damu na kupewa jenta anastahili rufaa hiyo, hata kama dozi zake zote zilikuwa sawa. Pia mama aulizwe kama upande wa ukoo wake kuna aliyepoteza usikivu baada ya sindano. Wako watu wachache wenye urithi unaopita kwa mama ambao hata dozi ya kawaida huwatia uziwi, na kwao ni muhimu dawa za jamii hii ziepukwe maisha yote.

Sasa hayo "matano sahihi". Mgonjwa alikuwa sahihi. Dawa ilikuwa sahihi. Njia na muda pia. Na dozi? Karatasi ilisema 1.5 ml, ukatoa 1.5 ml. Mtu angekusimamia begani akiwa na orodha ile mkononi, angeweka alama ya vema kwenye yote matano. Wenzako wanakupa fimbo ambayo isingemgusa aliyekosea. Orodha ile inakuambia matokeo yanayotakiwa. Haikuambii namna ya kuyapata ukiwa peke yako na vichanga 14.

Ukitaka kujua kosa lilipita wapi, fikiria vyandarua kadhaa vilivyotundikwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja na matundu yake. Mbu hafiki kitandani mpaka matundu yalingane. Tundu la kwanza ni mabano ya daktari. Mililita si dozi. Mililita ni jibu la hesabu, na jibu hubadilika kila kimiminika kinapobadilika. Kwenye ampuli yenyewe 15 mg ni 0.375 ml. Kwenye mchanganyiko wa 8 ml, ambao una 10 mg kwa kila mililita, ni 1.5 ml. Yeye aliandika jibu bila kuandika swali. Tundu la pili ni desturi ya wodi iliyokuwa kwenye vichwa vya watu badala ya ukutani. Tundu la tatu ni nusu saa ya maelekezo kwa mtu aliyetoka kwa wagonjwa wa kilo 60, ambako ampuli nzima ya jenta ni kitu cha kila siku na 1.5 ml haishtui jicho. La nne ni kutokuwa na mtu wa pili. La tano ni lako: hukusoma ampuli na kuuliza "hizi ni miligramu ngapi?" kabla ya kuvuta. Ni lako kweli, sitakufichia. Ila ni moja kati ya matano.

Ndiyo maana nina wasiwasi kidogo na neno la mwisho la barua yako, kwamba "si wa kazi hii." Muuguzi yeyote atakayehamishiwa wodi ile kesho atakuta mabano yaleyale. Wewe ukiondoka, tundu linabaki.

Tuje kwa inchaji. Umemweleza kama mtu aliyekulea, kisha kama mtu unayemwogopa. Vyote vinaweza kuwa kweli. Aliposema "watamalizia na mimi" alikuwa anaeleza hofu yake, na hofu hiyo ina msingi: mahali pengi ripoti ya kosa la dawa hufunguliwa kwa swali "nani?" na kufungwa hapohapo. Swali ninalotaka ulifikirie ni hili: je, unajua kwa hakika kwamba hospitali yenu itafanya hivyo, au mnarithishana tu habari hiyo? Ulishawahi kuona ripoti ikiandikwa, ukaona mwisho wake? Inawezekana jibu ni ndiyo, na basi una sababu ya kutembea kwa tahadhari. Inawezekana pia hakuna aliyewahi kuandika, na wote mnaogopa mlango ambao haujafunguliwa.

Njia ulizo nazo nitazisema kama zilivyo, na kila moja ina bei yake.

Ukinyamaza moja kwa moja, huenda kisitokee chochote kinachoonekana. Lakini mtoto hatapata kipimo cha masikio kwa sababu yako, mabano yatabaki kwenye karatasi, na kuna watu wanne wanaojua: wewe, inchaji na wale wenzako wawili. Siri ya watu wanne kwenye zamu za kupokezana haina kitasa. Ikitoka kwa kinywa kingine, itakuwa habari ya kuficha kuliko ya kukosea.

Ukiripoti ndani ya hospitali, utaulizwa kwa nini umechelewa wiki kadhaa, na itabidi ujibu. Kama utachagua njia hii, namna ya kuandika ina uzito. Tarehe ya juu iwe ya siku unayoandika, si ya siku ya tukio. Kisha mambo yaliyotokea kwa mpangilio: saa, uzito wa mtoto, maneno ya karatasi ya matibabu kama yalivyo pamoja na mabano, ulichovuta na kutoka kwenye nini, miligramu alizopata, ulijua saa ngapi na kwa njia gani, ulimwambia nani kwa cheo. Usiandike "kwa bahati mbaya" wala "kwa uzembe wangu". Hizo ni hukumu, waachie wengine. Na lililo muhimu kuliko yote: usiguse faili la zamani. Pale uliposaini 15 mg pabaki hivyo hivyo, hata kama ni uongo ambao hukuujua ulipousaini. Kufuta au kupachika mstari kwa tarehe ya nyuma kunageuza kosa la hesabu kuwa kughushi, na hapo hata anayekuhurumia hataweza kukusaidia. Kabla ya kuwasilisha, mwone kiongozi wa tawi la chama chako cha wafanyakazi, akuambie taratibu za hapo kwenu zinaendaje.

Unaweza pia kumwendea inchaji kwanza, faraghani, na kumpa nafasi ya kwenda pamoja nawe kwa matroni. Huenda akakubali. Huenda pia akakubana zaidi, na ukatoka pale ukiwa na ahadi ambayo hukutaka kuitoa. Ukienda, nenda na ombi dogo lenye mipaka: rufaa ya kipimo cha masikio, na bango la uchanganyaji ukutani. Ni vigumu mtu kukataa bango.

Kuhusu leseni siwezi kukuhakikishia lolote. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kuchunguza mwenendo wa muuguzi, na kesi ngumu zipo duniani. Marekani, muuguzi RaDonda Vaught alitaka kutoa dawa ya kutuliza mwezi Desemba 2017, akatoa kwenye kabati la kielektroniki vekuroniamu, dawa inayolegeza misuli hadi pumzi inasimama. Mgonjwa alikufa. Yeye alikiri mapema, na bado Machi 2022 mahakama ilimtia hatiani. Mei akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya gereza. Wauguzi wengi waliona kesi ile inafundisha watu kunyamaza. Tofauti na yako ni kubwa, kwani kule mgonjwa alipoteza maisha na ishara kadhaa za onyo zilirukwa, lakini sitaki ujiambie kwamba kusema ukweli hakuna hatari. Hatari ipo pande zote mbili, na wewe ndiye unayejua unaweza kubeba ipi.

Wakati unapima hayo, kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu, na nadhani itasaidia tumbo lako kuliko maneno yangu. Unasema unarudia hesabu mara nne. Kurudia peke yako hakuongezi usalama, kwa sababu jicho lililokosea mara ya kwanza linasoma tena kile lilichokwisha kuamua. Kinachosaidia ni mtu wa pili anayehesabu bila kujua jibu lako. Usimwambie, "Niangalizie, ni 1.5, sivyo?" Atasema ndiyo. Mpe ampuli na karatasi, mwambie, "Mtoto ni kilo 3, ametakiwa 15 mg. Wewe unavuta ngapi?" Mkitofautiana, hakuna anayetoa dawa mpaka ijulikane. Usiku ukiwa huna muuguzi mwenzako, wa wodi ya wazazi anaweza kuja kwa dakika tano kwa zile dawa chache za hatari: jenta kwa vichanga, aminofilini, fenobabito, insulini, na kloridi ya potasiamu. Hiyo ya mwisho kwanza haipaswi kukaa rafu moja na maji ya sindano, maana ampuli zake hufanana kama mapacha na ikiingia mshipani bila kuchanganywa inasimamisha moyo.

Kwa jenta, fanya hivi. Sirinji ya mililita 10: vuta 6 ml za maji ya sindano, kisha vuta ampuli yote ya 2 ml, geuzageuza ichanganyike. Palepale, kabla hujaiweka chini, bandika plasta na uandike "Jenta 10 mg kwa 1 ml", saa na jina lako. Sirinji isiyo na maandishi, hata kama umeiacha dakika mbili kwenda kufungua mlango, mwaga. Kinachobaki hakitunzwi hadi kesho. Kama wodi itaamua kutochanganya, basi sirinji iwe ya mililita 1, yenye vistari vya 0.01, maana 0.375 haionekani kwenye sirinji ya mililita 5, utakuwa unabahatisha. Chagueni njia moja, iandikwe ukutani, na ile nyingine isitumike kabisa. Njia isiyoandikwa popote ndiyo iliyokuumiza.

Na mwambieni daktari aandike miligramu na uzito wa mtoto, mililita awaachie wanaochanganya. Akiandika nusu, iwe 0.5 yenye sifuri mbele, maana nukta peke yake hupotea kwenye kunjo la karatasi na nusu ikawa tano. Akiandika moja asiweke nukta na sifuri nyuma, itasomwa kumi. Haya unaweza kuyaleta kwenye kikao cha wodi bila hata kutaja usiku ule.

Tumbo kukata ikifika saa nne ni jambo la kawaida kwa mtoa huduma baada ya kosa. Likiendelea kukunyima usingizi, au ukianza kukwepa zamu, zungumza na mtu anayefanya kazi ya ushauri nasaha, si mimi wa kwenye karatasi tu. Mume wako anajua? Barua yako imemtaja kwenye pesa peke yake.

Imebaki siku ya kliniki. Kumwambia mama ni uamuzi ambao ungekuwa bora ufanywe na hospitali pamoja nawe, daktari akiwepo, kwa sababu atauliza maswali ya kitabibu na atastahili majibu yenye rufaa mkononi. Ukienda peke yako unaweza kumwachia hofu bila msaada. Asipoambiwa kabisa, atalea mtoto bila kujua kitu kinachomhusu. Ikiwa mtafikia kumwambia, msimwambie korido, na msingoje baada ya chanjo, mtoto akiwa analia na mama anatafuta nepi. Akae kwanza. Maneno yawe machache: "Mama, mtoto alipokuwa na siku mbili, usiku, alipata dawa moja kwa kiasi kikubwa kuliko kilichotakiwa. Aliyempa ni mimi. Anaonekana vizuri, na tunataka masikio yake yapimwe ili tuwe na uhakika. Samahani sana." Halafu nyamazeni, mwacheni aulize. Huenda akakasirika. Karatasi ya rufaa iwe tayari imeandikwa, ina tarehe na jina la idara anayotakiwa kwenda.